Unashuka Mombasa Desemba? Zile Pembe za Moi Avenue Ziko na Stori ya Kitui Ndani Yake

Kila Desemba ni ile ile. Mbogi inatoka Kitui, ingine inadandia basi Emali ama Kibwezi, wote wanateremka Mombasa. Na kabla hata miguu iguse maji ya bahari, lazima picha ipigwe chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue. Poa sana. Lakini mtoto akikuuliza zinafanya nini katikati ya barabara, utamwambia nini? Tulia nikupe stori.

Zilijengewa nani?

Pale Mapembeni, kama wenyeji wanavyopaita, pembe ziliwekwa kwa heshima ya ziara ya 1952. Kenya ilikuwa koloni na barabara yenyewe iliitwa Kilindini Road. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, alikuja Kenya na mumewe Philip, na mpango ulikuwa wapandie meli Mombasa waendelee na safari hadi Australia.

Sasa sikia. Tarehe 6 Februari 1952, wakiwa bado upande wa Nyeri, babake akafariki huko Uingereza. Binti akawa malkia akiwa huku kwetu. Safari ikakatwa, akarudishwa kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Meli ilikuwa inamngoja Mombasa, yeye hakufika.

Na usidhani ni Mombasa pekee. Lile tao maarufu la Paris, Arc de Triomphe, Napoleon aliagiza lijengwe 1806 kusifu ushindi wa jeshi lake. Lilikamilika 1836, mwenyewe akiwa ameshakufa tangu 1821. Alipita chini yake 1840, akiwa ndani ya jeneza. Wakubwa hujengewa malango, halafu wanaoyapita kila siku ni wewe na mimi.

Kitui inaingilia wapi?

Jiulize, mbona pembe na si simba ama meli? Kwa sababu pembe za ndovu ndizo zilizoleta pesa Mombasa miaka mingi kabla ya reli. Na kati ya 1820 na 1850 hivi, waliotawala njia ya pembe kutoka bara hadi pwani walikuwa Wakamba. Misafara ilitoka Ukambani kwa miguu, ikakata nyika kavu, ikafika Rabai na Mombasa na mzigo. Ilirudi na nguo, shanga na chumvi.

Jina kubwa kabisa kwenye hiyo biashara ni Kivoi wa Mwendwa, wa Kitui. Ndiye alimkaribisha mmishonari Krapf, na ni wakati wa ziara hiyo, Desemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa 1851 kwenye safari ya kuelekea Mto Tana. Kwa hivyo ukisimama Mapembeni, kumbuka mzigo ulioipa Mombasa jina ulibebwa na mabega ya guka zako. Kibao cha Kivoi pale hukioni.

Na ndovu wenyewe je?

Pembe za Moi Avenue ni alumini, hakuna ndovu aliuawa. Za ukweli Kenya ilizichoma, tani 105 kwa siku moja, Aprili 2016 pale Nairobi. Lakini wewe wa Mtito Andei ama Ikutha unajua upande mwingine: ndovu akitoka Tsavo usiku, shamba la mahindi linaisha. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia ya mimea iliyoharibiwa, na mtu akiuawa, familia inafaa kulipwa milioni 5. Ikitokea kwenu, ripoti KWS mapema na upige picha za hasara. Usiachie mdomo tu.

Ukienda, fanya hivi

- Kutoka Makueni, treni ya SGR inayosimama vituoni inabeba watu Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Desemba tiketi huisha haraka, kata mapema. Ukishuka Miritini, dandia mathree ya tao na umwambie konda akushushe Mapembeni.
- Kutoka Kitui, siku hizi kuna lami kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi. Si lazima uzunguke Machakos.
- Nenda asubuhi. Jua likiwaka na tuktuk zikijaa, picha inakuwa vita. Usisimame kwenye lami, magari hayana huruma.
- Piga picha ukiwa mbali kidogo ndio zile jozi mbili za pembe zishikane zikuchoree herufi M.
- Kuziona ni bure. Ukimaliza, endelea mbele hadi Fort Jesus, ngome ya Wareno ya miaka ya 1590. Kwa miguu unafika.

Na ukipost, usiandike tu "Mombasa raha". Andika na jina la Kivoi. Kwenu kuna mzee anajua stori za misafara? Mpigie simu wiki hii, kabla stori iende na yeye.