Taa ya ABS ikibaki inawaka

Ndugu wachimbaji, njia ya Bukavu kwenda Kamituga ina matope na mawe. Mbele ya kupanda gari, muangalie taa ya ABS: shofere akiwasha inatokea, kisha inazimika. Ikibaki inawaka, ABS haifanyi kazi. Freni za kawaida ziko, lakini akikanyaga kwa nguvu magurudumu yanaweza kujifunga na usukani usimsikie. Pengine ni matope kwenye kifaa kinachosoma mzunguko wa gurudumu. Fundi apime, asitoe taa tu!

Hata ikiwa nzima, ABS haiongezi nguvu kwa tairi lililoisha. Kwenye changarawe gari linaweza hata kusimama mbali zaidi. Tairi limekuwa kipara? Tushuke wote, tudai lingine mbele ya safari.