Je, Wajua? Maneno ya Kiingereza Yanayodhaniwa Kuwa Sawa

Je, wajua kwamba mnyama wa Kiingereza hubadilika jina afikapo mezani? Ng'ombe zizini ni cow, nyama yake ni beef. Nguruwe ni pig, nyama yake pork. Kondoo ni sheep, nyama yake mutton. Mambo yalianza mwaka 1066, Wanormani walipovuka kutoka Ufaransa na kuwashinda Waingereza huko Hastings. Mabwana wapya walisema Kifaransa. Wafugaji wakabaki na Kiingereza chao. Ila tusidhani mgawanyo huo ulikamilika siku moja: kwa karne kadhaa beef liliweza kumtaja hata ng'ombe aliye hai.

Je, wajua kwamba Kiingereza kina maneno matatu kwa kitendo kimoja cha kuuliza? Ask ni la wenyeji, question lilipitia Kifaransa, interrogate limetoka Kilatini. Rafiki akitaka kujua umeamkaje, hiyo ni ask. Mwandishi wa habari akimbana waziri, question. Polisi akikuweka kituoni akuhoji saa nzima, hapo ni interrogate.

Shirt na skirt asili yake ni moja! La kwanza ni la Waingereza, la pili lililetwa na Waviking. Kiswahili kikayakopa yote mawili: shati na sketi.

Je, wajua kwamba flammable na inflammable hayapishani hata kidogo? Yote mawili humaanisha kitu kinachoshika moto upesi. In- ya hapo haikanushi. Ukiliona mojawapo kwenye pipa au lori la mafuta, weka kiberiti mbali.

Wanafunzi wetu wengi husema "borrow me your pen", na chanzo chake kinaeleweka: kwetu anayetoa huazima, anayepokea naye huazima. Kiingereza huwatenga. Mwenye kalamu ndiye wa lend; mwombaji ndiye wa borrow. Basi sema "lend me your pen".

Je, wajua kwamba Thesaurus, kitabu mashuhuri cha maneno yanayokaribiana maana, kilitungwa na daktari? Ni Peter Mark Roget, mzaliwa wa London, aliyekichapisha mwaka 1852 akiwa na miaka 73. Kitabu hicho kiliyapanga maneno kwa makundi bila kueleza yanavyotofautiana. Kwa hiyo ukiokota neno humo, lifungulie kamusi kwanza kabla hujaliandika.