Picha ni moja, haki ya kuichapa ni nyingine

Wazazi wanaponijia na mtoto anayejua kuchora, huwa na swali moja tu: kazi hii inalisha? Nawajibu kuwa inalisha, ila si kwa njia wanayoidhani. Tumezoea kumwona mchoraji kama fundi cherehani. Unampelekea kazi, anaifanya, unamlipa, unaondoka na chako. Kwa mpango huo mchoraji atakula siku anazochora, na siku akiugua jiko haliwaki. Mimi nachora picha za vitabu na kuchapa picha kwa mkono hapa Mombasa, na miaka yote hii kilichonishika si wepesi wa mkono. Ni kujua kwamba kuuza picha ni biashara moja na kuuza haki ya kuichapa ni biashara nyingine kabisa.

Tazama kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Nyingi zina pia alama ya mwenye biashara, na ile ya "Mali ya Abdulla" ya duka la Kaderdina, Mtaa wa Biashara, imejulikana vizazi na vizazi. Lakini mkono uliochora lile korosho la katikati hautajwi popote. Mchoro umechapwa maelfu kwa maelfu, ukavaliwa arusini na matangani, na jina lililobaki ni la mwenye mali. Simlaumu mwenye duka. Yeye alijua kuandika jina lake.

Sasa, chapa ninayoizungumzia si fotokopi. Ni picha inayochongwa kwenye kibao au kwenye linoliamu, ikapakwa wino kwa rola, kisha karatasi ikalazwa juu na kusuguliwa hadi wino ushike. Ulichokichonga kinabaki cheupe, ulichokiacha ndicho kinachopata wino. Mashine ya kubania ni ghali, lakini upande wa nyuma wa mwiko wa mti hufanya kazi nzuri, na mimi nilianza na huo. Linoliamu huagizwa Nairobi. Ikikosekana, plaiwudi laini yatosha. Aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa milango wa Lamu au Siyu hatapata tabu na patasi.

Tabu iko kwenye maandishi. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia, kwa hivyo ukitaka kuweka methali chini ya jahazi lazima uichonge kinyume. Njia rahisi ni kuandika kwenye karatasi nyembamba, kuigeuza, na kunakili upande wa nyuma. Waliosoma chuoni hudhani herufi za Kiarabu zitakuwa afueni kwa kuwa zinatoka kulia. La, nazo hugeuka vilevile. Na hewa yetu ina mambo yake. Masika wino wa mafuta hukawia kukauka, karatasi hushika ukungu, na chumvi ya bahari hula patasi usipozipaka mafuta. Mimi huchonga wakati wa mvua, nikachapa kaskazi.

Hesabu yake ndiyo inayowashangaza watu. Tuseme umechora mlango wa Ndia Kuu kwa wino na ukauza mchoro huo shilingi 15,000. Umemaliza. Tuseme mlango uleule umeuchonga kwenye kibao, ukatoa nakala 30, kila moja shilingi 2,500. Zikimalizika ni 75,000, na aliyenunua hakuhitaji kuwa tajiri. Mwalimu anaweza kununua, bibi arusi anaweza kupewa zawadi. Hazitauzika kwa siku moja. Nyingine hukaa kwenye jalada hadi msimu wa watalii, nyingine hadi tamasha la Lamu. Lakini zinakaa zikiwa mali yako, na kibao kimelala kabatini.

Kila nakala huandikwa kwa penseli chini ya picha: kushoto namba, kwa mfano 7/30, katikati jina la picha, kulia sahihi. Namba hiyo ni ahadi. Ukishasema 30, ya 31 ni wizi, hata kama mteja analia mlangoni. Toleo likiisha mimi hukikwaruza kibao kutoka pembe hadi pembe.

Chapa peke yake hainilipii kodi ya nyumba, nisidanganye. Kodi hulipwa na picha za vitabu vya watoto, mabango ya afya na majalada. Hapa ndipo vijana wetu wanapoliwa, na hapa ndipo nataka msomaji asome polepole.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mchoraji haki ya kazi yake tangu pale anapoiweka kwenye karatasi. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki kunasaidia ushahidi, lakini haki haikungoji usajili. Hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, maana yake hata wajukuu wanaweza kuila. Hadi hapo ni furaha. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vingine. Yaani ukinyamaza, umeshauza. Mteja akichukua nyumba uliyomchorea kwa ajili ya jalada akaiweka kwenye mikoba, vikombe na fulana, hajakudhulumu mbele ya sheria. Wewe ndiye uliyenyamaza.

Mimi nadhani kifungu hicho kimeelemea upande wa mwenye pesa, na wachoraji tungepaswa kupiga kelele kuhusu jambo hilo kuliko tunavyopiga kelele kuhusu kutoalikwa kwenye maonyesho. Lakini maadam kipo, dawa yake ni karatasi moja kabla ya kugusa penseli.

Hoteli moja iliwahi kutaka picha ya Mji wa Kale. Niliuliza ni ya nini. Ya menyu, wakasema, "na mambo mengine". Nikawapa bei mbili: moja ya menyu peke yake kwa miaka miwili, nyingine, kubwa zaidi, ya kila kitu. Wakachagua ya menyu. Baada ya mwaka walitaka kuiweka kwenye mifuko ya zawadi, wakanilipa tena kwa picha ileile ambayo sikuichora upya hata mstari mmoja. Mteja mwingine, mchapishaji, aliposikia masharti aliondoka na hakurudi. Mwezi ule ulikuwa mgumu nyumbani. Mwenye familia lazima apime. Kuna kazi ambayo utaichukua kwa masharti yao kwa sababu ada ya shule haisubiri. Basi hapo angalau ipandishe bei, kwa kuwa unauza shamba, huuzi mavuno.

Na ndugu zetu wa mitaani nao, mnaposema "nichoree kidogo tu, wewe si mtu wetu", mnamwomba fundi siku mbili za kazi. Seremala hamumwombi kitanda.

Barua yenyewe haihitaji wakili. Ya kwangu huwa hivi: "Nitachora picha tatu za jahazi kwa ajili ya kitabu hiki, toleo la kwanza, nakala zisizozidi 3,000. Hakimiliki ya picha inabaki kwangu, na michoro ya asili itarudishwa. Matumizi mengine yoyote tutakubaliana upya kwa maandishi. Nusu ya malipo kabla ya kuanza." Chini ni tarehe na sahihi mbili. Mteja akiwa mbali, naituma kwa simu, naye ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Bila jibu hilo, patasi sishiki.