Mtoto wa Miezi Kumi na Mmoja Daftarini

Mama anayempeleka mtoto mwenye homa kwa mganga huko Kiranjeranje, wilayani Kilwa, huulizwa mambo ambayo pengine huyaona kuwa usumbufu: umri wa mtoto, kijiji atokako, kama amekwisha kutibiwa hapo mwaka huu. Majibu yake huandikwa katika mstari mmoja wa Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za afya ulioanza kutumika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mwezi ukiisha, mistari hiyo hugeuzwa kuwa hesabu. Mhudumu hupiga vijiti kwenye fomu, kwa umri, jinsi na ugonjwa, kisha hujumlisha. Jumla huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Jina la mgonjwa hubaki daftarini. Zinazosafiri ni tarakimu tupu. Siri yake inalindwa, lakini kosa lililotendeka kabla ya kujumlisha halionekani tena na aliye wilayani.

Na makosa yenyewe ni madogo mno. Mtoto wa miezi 11 akiandikwa “11” pasipo kutajwa miezi, huhesabiwa kuwa wa miaka 11, akatoka katika kundi la walio chini ya miaka mitano, ambao malaria huwaua zaidi. Aliyerudi kwa homa ileile asipotiwa alama ya marudio, mgonjwa mmoja huwa wawili. Homa ambayo kipimo cha haraka hakikuona vimelea vyake huitwa malaria kwa mazoea tu, na hili ni baya kuliko yote, kwa kuwa chanzo halisi cha homa hiyo hakitafutwi.

Ipo pia nafasi iliyoachwa wazi. Sifuri husema hakuna mgonjwa aliyeonekana. Nafasi tupu haisemi lolote, na huenda wagonjwa walikuwa wengi, ila siku hiyo mhudumu alikuwa peke yake akizalisha. Mpangaji wa dawa na vipimo akizichanganya hizo mbili, mwezi ujao dirisha la dawa litajibu “zimekwisha”.

Kabla taarifa haijatumwa, mtu wa pili ahesabu upya angalau ukurasa mmoja bila kutazama jumla ya mwenzake. Mgonjwa naye aje na kadi au daftari lake la awali, na aseme wazi kwamba anarudi. Vitabu vilivyojaa vihifadhiwe kwenye kabati linalofungwa, mbali na mvua na mchwa, kwa maana tarakimu ikitiliwa shaka, mstari ule wa mtoto ndio utakaofunuliwa.