Mkopo wa Dakika Tano

Siku hizi ukipita sokoni utaona karatasi imebandikwa kwenye nguzo: "Mikopo ya haraka. Dakika tano. Bila dhamana." Maneno matamu kama muwa. Kusoma tunajua, kwa hiyo tunayasoma. Kazi iko kwenye yale ambayo karatasi haisemi.

Tuanze na hilo la "bila dhamana". Ukifika ofisini, bwana mkopeshaji haulizi shamba wala nyumba. Anauliza tu: "Mama, una friji? Una televisheni? Godoro lako ni la inchi ngapi?" Halafu anamtuma kijana nyumbani kwako akavipige picha. Sasa kama hiyo si dhamana, ni nini? Ni posa?

Wananchi wenyewe wameipa mikopo hii jina, "kausha damu". Hawakukosea. Hebu tushike kalamu tupige hesabu, ile ile ya darasani.

Tuseme mama ntilie ameomba shilingi 100,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 90,000. Kuanzia kesho yake atalipa 4,500 kila siku kwa siku 30. 4,500 mara 30 ni 135,000. Amepokea 90,000, analipa 135,000. Nyongeza ni 45,000, yaani nusu ya alichopokea, kwa mwezi mmoja tu.

Hesabu haijaisha. 4,500 mara 20 ni 90,000. Maana yake siku ya 20 mama amekwisha kurudisha kila senti aliyopewa. Siku 10 zilizobaki anamlipa bwana yule kwa kazi ya kuja na daftari. Na kama faida ya chakula chake ni 4,000 kwa siku, kila jioni anapungukiwa 500. Ataitoa wapi? Kwenye mtaji. Mtaji ukiisha anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo yule kijana wa picha anarudi, safari hii na mkokoteni, kuchukua godoro.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo: riba ya wakopeshaji wadogo isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 90,000 hiyo ni shilingi 3,150. Ilinganishe na 45,000. Tena Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Basi muulize ilipo. Akisema leseni iko kwa bosi, na bosi amesafiri, msubiri bosi arudi.

Wengine hawana hata ofisi, wako ndani ya simu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Programu ya namna hiyo huomba kwanza ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, mkwe anapata ujumbe wa deni lako kabla mkeo hajajua kama ulikopa. Wapo pia wanaosema mkopo wako wa milioni uko tayari, tuma 20,000 ya bima utoke. Hapo nani anamkopesha mwenzake?

Na sisi wa mashambani tusiwacheke watu wa mjini. Mkoani Kagera ipo butura: mkulima ana shida, anauza kahawa ikingali mtini, kwa bei anayotaka mwenye fedha. Kahawa ikiiva, mwenye shamba anaitazama ikienda.

Jambo kubwa zaidi ni karatasi ya kutia sahihi. Wako wakopeshaji wanaoandika "Hati ya Mauziano" mahali pa mkataba wa mkopo. Ukisaini, siyo kwamba umekopa, umeuza kiwanja chako kwa bei ya mbuzi wawili. Soma kichwa cha karatasi, soma kiasi, soma kama riba ni ya wiki au ya mwezi, soma na yale maandishi madogo ya chini. Bwana akikuambia "saini tu mama, foleni ni ndefu", wapishe wenye haraka wapite mbele. Karatasi irudi nyumbani, aisome na mtu mwingine. Ukisaini, nakala moja ubaki nayo, na kila siku unapolipa udai stakabadhi.