Lenzi na Kihisi

Fikirini, watoto, nyumba moja huko Temeke, ambamo jamaa wote wamekusanyika sebuleni wapigwe picha pamoja na bibi yao. Mpiga picha atazama katika kamera, arudi nyuma hatua moja, arudi tena, hata mgongo wake wagusa ukuta; na bado bibi, aliyeketi mwisho wa mstari, haonekani. Kosa liko wapi?

Ili mpate kufahamu, mwombeni bibi kwa adabu awaazime miwani yake ya kusomea. Ingieni chumbani, mkae mbali na dirisha, mshike miwani mbele ya karatasi nyeupe na kuisogeza polepole. Mtaona dirisha juu ya karatasi, limepinduka juu chini. Lakini jua msilitazame kwa miwani hiyo kamwe, maana litawaharibu macho. Sasa kunjeni karatasi iwe ndogo sana. Je, picha imepungua? La, picha ni ile ile. Ila karatasi imenasa sehemu ya katikati tu, na kando zimepotea.

Kamera nayo ni vivyo hivyo. Lenzi hutupa picha ya mviringo, na nyuma yake hukaa kibamba kiitwacho kihisi, kinachopokea nuru mahali pa filamu ya zamani. Kihisi kikubwa cha wapiga picha wengi ni milimita 36 kwa 24, kipimo cha filamu ya kamera ya Leica iliyoanza kuuzwa mwaka 1925. Kihisi kidogo zaidi hukaribia milimita 24 kwa 16.

Ukitia lenzi ya milimita 50 mbele ya kihisi hicho kidogo, utaona eneo lile tu ambalo lenzi ya milimita 75 ingeonyesha katika kihisi kikubwa. Kwa maana 36 ni 24 mara moja na nusu. Lenzi haikubadilika, bali kando zimekatwa, na bibi alikuwa kando.

Basi mpiga picha wetu na achukue lenzi fupi, kama ya milimita 35 au 24. Hiyo hutupa picha ndogo zaidi, na watu wengi huenea ndani ya kihisi. Simu pia ina kihisi kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini huonyesha barabara nzima ya Kinondoni, kwa sababu lenzi yake ni ya milimita chache tu.

Kwa hiyo, atakaye kuchagua lenzi, na akijue kwanza kihisi chake.