Unaliona Gari, Dereva Hakuoni

Wale mliofika mwezi wa tisa bila shaka mmeshaanza kuyaona maajabu ya huku Uingereza. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi saa zinarudishwa nyuma, na ghafla unatoka maabara saa kumi na moja jioni unakuta nje giza kama saa mbili usiku kule Dar. Katikati ya mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi katika miji mingi, na kuchomoza ni mpaka ipite saa mbili asubuhi. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako magharibi haihamihami, hakuna aliyetufundisha kuishi namna hii. Sasa kama vipindi vyako vinaanza saa tatu na kuisha saa kumi, mbio zako ni za gizani. La sivyo uache kukimbia, unenepe kwa chipsi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikimbia na traksuti nyeusi, kofia nyeusi ya sufi na raba nyeusi. Nilijiona nimependeza. Jioni moja nilikuwa kwenye barabara nyembamba ya mashambani nyuma ya mabweni, ile isiyo na njia ya waenda kwa miguu, ukuta wa mawe huku na huku. Nilikimbia upande wa kulia, kama inavyotakiwa. Gari likatokea mbele. Nililiona toka mbali kabisa, taa zake zinawaka kama mchana, wala sikuwa na wasiwasi: kama mimi namwona, na yeye ananiona. Kioo chake cha pembeni kilipita kwenye mkono wa sweta langu. Dereva alisimama mbele kidogo akashuka, mama mtu mzima, anatetemeka kuliko mimi. Aliniambia hakuniona kabisa. Alisikia tu kishindo.

Usingizi haukuja usiku ule, basi nikakaa nikapiga hesabu. Barabara ya namna ile, kama hakuna kibao kingine, mwendo unaoruhusiwa ni maili 60 kwa saa, yaani kama mita 27 kila sekunde. Highway Code, kile kitabu chao cha sheria za barabarani, kinasema gari la mwendo huo linahitaji mita 73 mpaka lisimame: 18 zinakwisha dereva akiwa bado anafikiri, 55 ndiyo breki zinafanya kazi. Hapo barabara ni kavu. Ikilowa (na lini hailowi?) zidisha angalau mara mbili. Haya, mtu aliyevaa nyeusi mbele ya taa zilizodimiwa anaweza asionekane mpaka gari limebakiza mita 30 au 40. Hesabu hiyo haitoki, hata dereva awe malaika. Mjini kwenye maili 30 kwa saa gari linasimama kwa mita 23, na taa za barabarani zinasaidia, kwa hiyo kuna nafuu.

Kosa langu lilikuwa kudhani mwanga unafanya kazi sawa pande zote mbili. Gari linakuja na taa zake. Mimi nilikuja na giza langu. Nguo nyeusi inaumeza mwanga. Nguo nyeupe inaurudisha, lakini inautawanya kila upande, na kinachomfikia dereva ni kidogo. Reflekta ni kitu kingine kabisa. Ukiiangalia kwa karibu ina vishanga vidogo mno vya kioo, au vipembe vilivyopangwa, ambavyo vinaupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. Macho ya dereva yako juu kidogo tu ya taa zake, kwa hiyo yeye anaona kama umewaka, huku mwenzako aliyesimama pembeni anaona ukanda wa kijivu tu. Ndiyo kazi ya reflekta za watu wetu wa bodaboda, na ndiyo kazi ya vile vijicho vilivyozikwa katikati ya barabara za huku, alivyovibuni Percy Shaw wa Halifax mwaka 1934. Highway Code inasema vitu hivi huonekana mbele ya taa za gari mpaka mara tatu ya umbali wa nguo ya kawaida.

Kwa hiyo usiipime reflekta yako kwa kujitazama kwenye kioo chumba kikiwa na taa. Itundike mwisho wa korido, zima taa, weka tochi ya simu kando ya jicho lako, halafu uangalie. Isipowaka, itupe. Matope huizima, na kufuliwa mara nyingi kunaichosha.

Hapa wengi wanaingia mkenge. Ile fulana ya njano kali inayong'aa mchana kutwa hainga'i usiku! Rangi ile inachukua mionzi ya urujuanimno ya jua, ambayo macho hayaioni, na kuigeuza kuwa mwanga unaoonekana. Alfajiri na jioni kukiwa bado na mwangaza inasaidia sana. Jua likishazama hakuna cha kugeuza, na inabaki nguo ya rangi nyepesi tu. Tafuta fulana yenye rangi hiyo pamoja na mikanda ya reflekta, kama za mafundi wa barabarani. Ukiona kibandiko cha ndani kimeandikwa EN ISO 20471, hiyo ni ya viwango, na bei yake ni pauni chache.

Lakini mimi ningekuwa na mikanda miwili tu ningeifunga kwenye vifundo vya miguu. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Sweden, Gunnar Johansson, aliwapa watu vitaa kwenye viungo vya mwili na kuwapiga picha gizani, zikaonekana nukta tupu. Zikiwa zimetulia watazamaji hawakutambua kitu. Zilipoanza kutembea, mara moja walijua huyu ni mtu. Kitu kinachong'aa kifuani kinaweza kuwa kibao, pipa, au nguzo. Vitu viwili vinavyopanda na kushuka kwa zamu ni miguu ya mtu, na dereva hahitaji kufikiri. Tena taa zilizodimiwa zinalenga chini, kwa hiyo miguu inamulikwa kabla ya kifua.

Upande wa kukimbilia: pasipo na njia ya waenda kwa miguu, shika kulia, uso kwa uso na magari. Hapa wanaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda; ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Congo, geuzeni vichwa. Taa za huku zikidimiwa humulika zaidi ukingo wa kushoto kwa dereva, yaani pale ulipo wewe. Ila kona kali ya kulia ikikaribia, vuka mapema uende kushoto uonekane, kisha urudi. Gari likikujia usilitazame machoni, litakupofusha. Angalia ukingo wa barabara.

Taa ya kichwani ni nzuri, nyeupe mbele na nyekundu mgongoni. Tatizo lake ni kwamba kwenye baridi mvuke wa pumzi yako unarudisha mwanga usoni, na kwa kuwa iko karibu na macho, mashimo hayatupi kivuli, unaona njia yote bapa. Ya kufunga kiunoni inakuonyesha mashimo vizuri zaidi. Barafu ile nyembamba isiyoonekana, hiyo hakuna taa itakayokuokoa. Siku hizo baki ndani.

Kuonekana na magari si kuonekana na watu wote, na dada zetu wanalijua hili kuliko mimi. Njia za kando ya mifereji na bustani zisizo na taa ziacheni mpaka mchana. Mwambie mwenzako wa chumba unapita wapi na unarudi saa ngapi, kisha umpigie ukirudi kweli. Sikio moja libaki wazi, maana magari ya umeme hayana mngurumo. Kofia ya sweta ivue. Inakuziba macho ya pembeni, na kijana mweusi anayekimbia usiku amejifunika kichwa, jamani, mnajua wenyewe jinsi anavyotazamwa. Simu iwe na chaji. Namba ya dharura ni 999.

Sisi tunaokimbia pamoja Jumatano tunaanzia mlango wa maktaba saa kumi na mbili jioni, mwendo wa kuzungumza. Fulana mbili za ziada zipo, moja kubwa na moja ya wastani. Mikanda ya miguu jitafutie.